Kazi ya Leo na Lengo la Kesho



Katika mkutano mmoja wa vikundi uliofanyika Ruiru, tulikuwa tunafundisha juu ya mipango ya muda mrefu. Tuliandika ubaoni: mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mpaka mwaka wa tano. Tulieleza namna ya kuweka akiba kidogo kidogo hadi kikundi kinunue ploti, kichimbe kisima au kifungue duka. Tulipomaliza tukauliza kama kuna swali. Kijana mmoja anayefanya kazi ya mjengo akainua mkono. Akasema: "Nimeelewa. Tuweke akiba miaka mitano. Sasa hiyo miaka mitano tutakuwa tunaishi, ama tutakuwa tunangoja tu?"

Watu walicheka, na sisi pia tukacheka. Lakini tulipokuwa kwenye matatu tukirudi Thika, hatukuwa tunacheka tena. Kijana alikuwa ameuliza jambo ambalo hatukuwa na jibu lake. Tangu siku hiyo tumelizungumza swali hili na vikundi vingi, na katika makala haya tunataka kuwashirikisha yale tuliyojifunza.

Swali lenyewe ni hili: mtu atawezaje kutosheka na kuifurahia kazi yake ya kila siku, na huku bado anafuata lengo lililo mbali? Kuna anayeishi kwa ajili ya leo tu. Anapata, anakula, na baada ya miaka kumi yuko palepale. Na kuna anayeishi kwa ajili ya kesho tu. Anaidharau kazi yake, anawanyima watoto wake hata kile kidogo, anahesabu siku kama mfungwa. Wote wawili tunawajua. Pengine wote wawili wamo ndani yetu.

KOSA TULILOLIFANYA SISI

Kabla ya kuwafundisha wengine, ni vizuri tuseme pale tulipokosea wenyewe.

Mwaka wa 2009 tulianza kutembelea kikundi kimoja cha akina mama karibu na Thika. Walikuwa 24. Wengi wao walifanya vibarua mashambani, wengine waliuza mboga na mitumba sokoni. Lengo lao lilikuwa kununua ploti karibu na mji na kujenga vyumba vya kukodisha. Sisi tulifurahi sana. Tuliichora ile ploti kwenye karatasi kubwa, na vyumba vyake na geti lake, tukaibandika ukutani mahali walipokuwa wakikutana. Tukawaambia, "Kila mkiingia hapa, tazameni hiyo picha."

Wakaitazama. Kila Alhamisi mkutano ulikuwa na jambo moja tu: tumefikisha pesa ngapi, na zimebaki ngapi? Zilizobaki zilikuwa nyingi siku zote. Mama aliyeleta shilingi 100 za jasho lake alirudi nyumbani akiona kama hajaleta kitu. Hakuna aliyemuuliza wiki yake ilikuwaje, mgongo unamuuma wapi, wala amejifunza nini. Baada ya mwaka mmoja na nusu walikuwa wamebaki 11. Tulidhani labda kuna pesa zilizopotea. Tukakagua vitabu, na kila shilingi ilikuwepo. Tulipowatembelea wale walioondoka, wengi walitujibu kwa maneno mawili: "Tulichoka kungoja."

Kisha likaja jambo lingine. Barabara kuu mpya kutoka Nairobi hadi Thika ilikuwa ikijengwa, nayo ikafunguliwa rasmi mwaka wa 2012. Barabara hiyo imetusaidia sana, hakuna wa kukataa. Lakini ardhi ya kando yake sasa ilitafutwa na kila mtu, na bei ya ploti ikapanda haraka kuliko akiba ya wale akina mama 11. Waliweka pesa kila wiki, na kila mwaka ploti ikawa mbali nao kuliko mwaka uliotangulia. Wao hawakuwa wamekosa kitu.

Hapo ndipo tulipoona kosa letu. Tulikuwa tumeweka thamani yote ya kazi yao ndani ya ile picha ya ukutani. Picha ilipoanza kwenda mbali, ikaenda na kila kitu: bidii yao, urafiki wao, hata heshima waliyokuwa nayo kwa kazi zao wenyewe. Tuliwafundisha kutazama mlima, hatukuwafundisha kutazama njia.

Kikundi hakikufa. Shosho mmoja, mkubwa wao kwa umri, ndiye aliyeiondoa ile picha ukutani. Hakuichana. Aliikunja vizuri akaiweka ndani ya sanduku la vitabu. Akasema, "Ikae humo. Kwanza tuambiane wiki hii tumefanya nini." Tutarudi kwao mwishoni mwa makala haya.

LENGO LINALOGAWANYIKA: AKINA MAMA WA MABATI

Wazee wa hapa kwetu watakumbuka vikundi vya mabati. Kenya ilipopata Uhuru mwaka wa 1963, nyumba nyingi za mashambani katika Mkoa wa Kati zilikuwa bado za nyasi. Paa la nyasi linavuja, linashika moto upesi, na linataka kurudiwa mara kwa mara. Katika miaka hiyo ya 1960 akina mama walijiunga pamoja, wakalima mashamba ya watu kwa malipo, wakauza mazao yao, wakatumbuiza wageni kwa ngoma, na pesa zote wakaziweka pamoja. Zilipotosha, walinunua mabati ya nyumba ya mmoja wao. Wakaanza tena kwa ajili ya wa pili, kisha wa tatu, mpaka wote wakalala chini ya bati. Vikundi vingi havikuvunjika baada ya hapo. Viliendelea na matangi ya maji, ng'ombe wa gredi na hata mashamba.

Jambo hili halikutoka hewani. Lilikuwa na mizizi katika ngwatio, ile desturi ya Wakikuyu ya majirani kulimiana mashamba kwa zamu. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Na methali ya Kikuyu inasema kwamba kikundi kidogo ndicho huinua kinu.

Tuangalie sasa ni kwa nini hawakuchoka. Wacha tupige hesabu kwa mfano wa siku hizi. Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mmoja anataka tangi la maji ya mvua. Tuseme tangi moja ni shilingi 8,000. Kila mtu anatoa 200 kwa wiki, kwa hiyo kwa wiki moja kikundi kinapata 4,000.

Njia ya kwanza ni kuweka pesa zote benki hadi zifike 160,000, halafu kununua matangi yote 20 siku moja. Hiyo itachukua wiki 40. Njia ya pili ni kununua tangi moja kila baada ya wiki mbili, kwa zamu. Hiyo pia itachukua wiki 40. Pesa ni zilezile, matangi ni yaleyale, muda ni uleule. Lakini katika njia ya kwanza, kwa wiki 39 hakuna aliyeona kitu isipokuwa karatasi ya benki. Katika njia ya pili, kila wiki mbili kuna mahali pa kwenda, kuna tangi la kupandisha juu ya mawe, kuna chai na wimbo, na kuna mama mmoja ambaye kuanzia mvua ijayo hatapiga foleni na mitungi. Saa moja aliyokuwa akiipoteza foleni sasa anaitia katika kazi nyingine. Matunda ya lengo yameanza kumsaidia kulifikia lengo lenyewe.

Hata katika Biblia tunaona busara hii. Nehemia alipojenga upya ukuta wa Yerusalemu, hakuwaambia watu wote waujenge ukuta wote. Baadhi yao walijenga sehemu iliyo mbele ya nyumba zao wenyewe. Kila mtu aliona jiwe lake likikaa mahali pake, na ukuta ukamalizika kwa siku 52.

Lakini tuseme ukweli, njia ya zamu ina hatari yake. Aliyepata tangi wiki ya pili anaweza kulegea, na yule wa wiki ya 40 akaachwa na hasara. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, kubalianeni mambo manne na kuyaandika. Zamu zipigwe kura, ila mgonjwa au mzee anaweza kutangulizwa kwa kukubaliana wote. Kila mtu awe na mdhamini wake ndani ya kikundi. Tangi lihesabiwe kuwa mali ya kikundi hadi mzunguko umalizike. Na mwenyekiti asiwe wa kwanza kupata. Hili la mwisho ni dogo, lakini limeokoa vikundi vingi.

LENGO LISILOGAWANYIKA: KAHAWA YA RUIRU

Kuna malengo ambayo hayagawanyiki hivyo. Kisima cha kijiji hakichimbwi nusu. Mtoto hamalizi kidato cha nne kwa wiki moja. Mkahawa hauzai mwaka uleule unaopandwa. Hapo mtu afanye nini ili asichoke njiani? Mfano tunao hapahapa Ruiru, na wengi wetu tunapita karibu nao kila siku bila kuufikiria. Ni aina ya kahawa inayoitwa Ruiru 11.

Wakulima wazee wanaujua ugonjwa wa chulebuni, ambao wengi huuita CBD. Unashika tunda la kahawa likiwa bado la kijani, unalitia madoa meusi, linaoza na kuanguka. Mwaka wa 1968 ugonjwa huo ulienea vibaya na kuharibu sehemu kubwa ya mavuno ya Kenya. Kahawa zetu za zamani, kama vile SL28 na SL34, zinasifiwa duniani kwa ladha, lakini hazina kinga. Mkulima alilazimika kupulizia dawa tena na tena katika msimu mmoja, na dawa ikala faida.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, ambacho siku hizi ni sehemu ya shirika la utafiti wa kilimo la KALRO, kilianza kutafuta kahawa yenye kinga. Miongoni mwa wataalamu walioandika juu ya kazi hiyo ni Van der Vossen na Walyaro. Lengo lilikuwa mbali kweli. Walitakiwa kuchukua kinga kutoka mikahawa ya mbali, kama ile inayoitwa Rume Sudan na ile ya kisiwa cha Timor huko Asia, waichanganye na ladha ya kahawa zetu, kisha wangoje mti ukue. Halafu wachanganye tena na kungoja tena. Aina mpya ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 1985.

Fikirini juu ya wafanyakazi wa miaka hiyo. Ilikuwa kazi ya mikono, ndogo ndogo. Maua ya kahawa hufunguka baada ya mvua na hukaa siku chache tu. Kabla ua halijafunguka, mfanyakazi anaondoa sehemu yake ya kiume taratibu, analifunika tawi kwa mfuko ili chavua ya mti mwingine isiingie, kisha analeta chavua ya mti uliochaguliwa na kuipaka. Anafunika tena, anafunga kibandiko chenye maandishi. Halafu anaenda kwa ua linalofuata. Akiandika vibaya, miaka kadhaa baadaye hakuna atakayejua mti huu ni mtoto wa nani. Kwa hiyo kile kibandiko kidogo kilikuwa na uzito siku ileile kilipofungwa. Hata leo mbegu za Ruiru 11 hutengenezwa kwa mikono namna hiyo.

Kuna jambo la pili ambalo linatufundisha zaidi. Zamani, ili kujua kama mkahawa una kinga, ilibidi kungoja uzae, uone kama matunda yataoza. Watafiti hawakukubali kungoja gizani. Walitumia njia ya kuupima mche ukiwa na wiki chache tu. Waliutia vimelea vya ugonjwa kwenye shina lake changa, wakaangalia. Mche dhaifu ulioza, na wenye kinga ukasimama. Hivyo badala ya kungoja miaka ndipo wajue kama kazi yao inaelekea vizuri, walijua baada ya majuma. Lengo lilibaki mbali vilevile, lakini walikuwa wamepata dalili ya mapema.

Na jambo la tatu. Ruiru 11 haikuwa mwisho wa safari. Mbegu zake zilikuwa haba, na kuna wakulima waliosema ladha yake haifikii SL28. Kazi ikaendelea, na mwaka wa 2010 ikatolewa aina nyingine inayoitwa Batian, kwa jina la kilele kirefu cha Mlima Kenya. Ilichaguliwa kutoka miti iliyotokana na kazi ya wale wa kwanza. Kati ya 1985 na 2010 ni miaka 25. Wengi waliofunga vibandiko vya kwanza walikuwa wamestaafu, na wengine wametangulia mbele ya haki. Kazi yao ilikuwa nzuri hata kwa aliyeondoka kabla ya kuona mwisho wake.

Sasa tuilete habari hii kwenye kikundi. Tuseme mnataka kisima cha kuchimbwa kwa mashine. Msihesabu pesa peke yake. Hesabuni pia hatua: wenye ardhi wametia sahihi, mtaalamu amepima maji ya chini ya ardhi, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kimepatikana, kamati imejua kuweka vitabu. Kila hatua ni dalili ya mapema. Isomwe katika mkutano, iandikwe, na waliofanya kazi hiyo washukuriwe kwa majina. Au tuseme lengo lako ni mtoto amalize sekondari. Mtihani uko mbali, lakini daftari la wiki hii liko mezani. Lifungue, hata kama wewe hukusoma sana. Mwambie akusomee.

NA KAZI YA KIBARUA JE?

Wengine wenu mtasema: "Hayo ni ya kikundi. Lakini siku zangu sita za wiki ninapasua mawe upande wa Ndarugo. Ninapanga katoni kiwandani Thika. Ninafulia watu nguo Githurai. Hiyo kazi haina uhusiano na lengo langu. Ninaifanya kwa sababu ya pesa tu."

Swali hili ni zito, na hatutalijibu kwa maneno matamu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliandika barua juu ya kazi mwaka wa 1981, inayoitwa Laborem Exercens. Alitufundisha kwamba thamani ya kazi haitokani kwanza na aina ya kazi, kama ni ya ofisini au ya shimoni. Inatokana na yule anayeifanya, kwa sababu ni mtu, mwenye sura ya Mungu. Kanisa linaadhimisha jambo hilo kila tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, iliyowekwa na Papa Pius wa Kumi na Mbili mwaka wa 1955. Yosefu alikuwa seremala wa kijiji. Hatusomi popote kwamba alitajirika.

Tumewauliza watu wengi wa vibarua ni kitu gani kinachowapa nguvu ya kurudi kazini kesho yake. Majibu yao yanafanana, nayo ni haya matatu.

Kwanza, kujua kazi yangu inamfaa nani. Mpasua mawe mmoja alituambia kwamba zamani alikuwa anaona mawe tu. Siku moja alipita Ruiru akaona shule imejengwa kwa mawe ya rangi anayoijua. Alisimama hapo akiitazama, mpaka askari wa geti akamuuliza anatafuta nini.

Pili, kuendelea kujifunza. Kazi isiyo na jipya inachosha kuliko iliyo nzito. Msaidizi wa fundi akijua leo kupima pembe kwa kamba, kesho kuchanganya saruji sawasawa, baada ya miaka mitatu ni fundi. Pesa zinaweza kuibiwa na ploti inaweza kupanda bei, lakini ujuzi huo umekwisha kuingia mikononi.

Tatu, wenzangu. Wachumaji wa kahawa wanajua kwamba debe hujaa haraka mkiwa mnaongea na kuimba. Huo wimbo haulipwi, lakini ukiondolewa siku inakuwa ndefu mara mbili.

Hata hivyo, tuwe waangalifu hapa. Kutosheka na kazi si sawa na kunyamazia dhuluma. Kuna mwajiri atakayependa sana mafundisho haya, awaambie wafanyakazi wake, "Ridhikeni, Mungu yu pamoja nanyi," na huku mshahara umechelewa miezi miwili. Kanisa halikufundisha hivyo hata siku moja. Mwaka wa 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake Rerum Novarum, alisema wazi kwamba mfanyakazi anastahili malipo ya kumwezesha kuishi, na kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana. Kwa hiyo mama anayeipenda kazi yake ya kuchuma ndiye hasa mwenye haki ya kuuliza kwa nini debe lake linapimwa kwa kulundika hadi linamwagika. Anayeiheshimu kazi yake hakubali idharauliwe.

MAMBO YA KUJARIBU KATIKA KIKUNDI

Tumeona haya yakisaidia. Msiyachukue yote kwa pamoja. Chagueni moja au mawili, myajaribu kwa miezi mitatu, halafu muone.

1. Anzeni mkutano na kazi, sio pesa. Kila mtu aseme jambo moja alilolifanya vizuri wiki hii. Liwe dogo tu. Dakika ishirini zinatosha. Mchango wa pesa ufuate baadaye.

2. Kama lengo linagawanyika, ligawanyeni. Kila mwezi au kila wiki mbili paonekane kitu cha kushikwa kwa mkono katika nyumba ya mtu.

3. Kama haligawanyiki, tafuteni dalili za mapema. Andikeni hatua tano au sita za kufikia lengo, na kila hatua ikitimia iwekeeni alama kwenye kitabu.

4. Tengeni fungu la leo. Katika kila shilingi 100, mnaweza kukubaliana kwamba 10 ni za mambo ya sasa: kumtazama mgonjwa, chai ya mkutano, zawadi ya mama aliyejifungua. Kikundi kinachoweka zote 100 kwa ajili ya kesho kitakuta kesho hakina watu.

5. Fundishaneni. Mwenye kujua kushona, kupogoa mkahawa, kuweka hesabu kwenye simu au kufuga kuku, awafundishe wengine mara moja kwa mwezi.

6. Pumzikeni. Siku ya Bwana iliwekwa kwa sababu. Mtu anayefanya kazi siku saba ili afike haraka, mara nyingi hospitali ndiyo anayoifikia kwanza.

7. Lipimeni lengo kila mwaka. Mwezi wa Desemba ulizaneni: je, lengo hili bado ni letu? Bei imebadilika? Sisi tumebadilika? Kubadilisha lengo baada ya kufikiri vizuri si kushindwa. Lengo liliwekwa kwa ajili ya watu, na watu hawakuumbwa kwa ajili ya lengo.

SHOSHO NA ILE PICHA

Tuliahidi kurudi kwa wale akina mama 11. Ploti ya kando ya barabara hawakuinunua. Mwaka wa 2013 walikaa chini, wakaipima akiba yao, wakaamua kwa kura kubadilisha mpango. Sehemu ya pesa walinunua matangi na mbuzi wa maziwa kwa zamu. Sehemu nyingine walikodi shamba karibu na mto, wakapanda mboga. Wengine kati ya wale walioondoka walirudi, na siku hizi wako 19. Ile picha bado iko ndani ya sanduku la vitabu. Huitoa mara moja kwa mwaka, wanaitazama, wanacheka kidogo, wanairudisha. Wengine bado wanaitaka ile ploti, na wanaweka kitu kidogo kila mwezi kwa ajili yake. Lakini hakuna tena anayesema amechoka kungoja, kwa sababu wana kazi nyingi.

Tulipomwona tena yule kijana wa Ruiru, tulimweleza habari hizi. Tulimwambia kwamba sasa tungemjibu hivi: hiyo miaka mitano ni maisha yako, wala si chumba cha kungojea. Weka akiba, lakini usiweke akiba ya furaha yako yote. Alifikiri kidogo, akasema bado angependa miaka hiyo iwe mitatu. Tulikubaliana naye.

MASWALI YA KUJADILIANA

Somesheni makala haya kwa sauti katika kikundi au katika Jumuiya Ndogo Ndogo, kisha jadilianeni:

1. Katika kikundi chetu, watu walioondoka waliondoka kwa sababu gani? Je, tuliwahi kuwauliza?

2. Lengo letu kubwa ni lipi? Linagawanyika au haligawanyiki?

3. Taja dalili moja ya mapema inayoonyesha kwamba tunaelekea vizuri. Ni nani anayeifanyia kazi, na je, tumemshukuru?

4. Kazi yako ya kila siku inamfaa nani? Kuna jambo gani la haki ambalo linafaa kurekebishwa katika kazi hiyo, na nani atakuunga mkono?

5. Ni jambo gani moja tutakalolijaribu kuanzia mkutano ujao?

Tunapenda kusikia mlivyojibu. Mkija parokiani au tukiwatembelea, tuambieni, hasa pale ambapo mambo hayakwenda vizuri, kwa maana hapo ndipo sote tunajifunza. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.